Kadi 200 za sendofu kwa wino wa muhuri wa ofisini: usigonge hata moja kabla hujasoma hapa

Dada, weka huo muhuri chini kwanza. Nimesoma ulichoandika mara mbili, tumbo likanikata. Umenunua karatasi ngumu za kung'aa za gramu 300. Umechongesha muhuri wa majina ya maharusi. Umenunua chupa mbili za wino wa zambarau wa mihuri ya ofisini, na unataka kutoa kadi 200 za sendofu zenye kiulimi cha kuvuta, ukikivuta majina yanachomoza. Unauliza kiulimi kinatengenezwaje kisikwame, utepe unapatikana wapi, bahasha ziwe saizi gani, na mteja umtoze ngapi. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, umesema utagonga zote Ijumaa usiku ili Jumamosi asubuhi ukabidhi mzigo.

Hiyo Ijumaa usiku mimi nimeshaipitia, ndiyo maana nakuandikia saa hizi badala ya kulala.

Masika ya mwaka 2018 nilichukua oda ya kadi 180 kwa jirani yangu, hapa hapa Tabata. Kila kadi 2,500, jumla 450,000, akanipa 250,000 ya kuanzia. Sikuwa mgeni kwenye kazi. Nilikuwa nimetengeneza kadi za kuzaliwa, za Krismasi na za Idi miaka miwili nzima, kumi kumi, ishirini ishirini, zote kwa manila isiyong'aa, na wino huo huo wa ofisini, na hazikuwahi kunisumbua. Oda ilipokuwa kubwa nikataka kadi ing'ae, ionekane ya dukani. Hapo ndipo nilipobadilisha karatasi bila kubadilisha wino.

Nikashuka Kariakoo. Muuzaji nilimwekea karatasi mezani nikamuuliza kabisa, kwa mdomo wangu: huu wino utashika hapa? Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Unashika popote dada, huu ndio wanatumia mpaka benki." Yaani hilo neno "benki" ndilo lililonimaliza, nikajua hapo sina swali tena. Sasa jiulize, benki wanagonga muhuri wapi? Kwenye fomu, kwenye karatasi za fotokopi, karatasi kavu isiyo na mng'ao wowote. Hakuna benki inayogonga muhuri kwenye kalenda ya ukutani. Yule mtu hakuwahi kujaribu, hakuwa na haja ya kujaribu, alitaka kuuza chupa ya wino. Na mpaka leo nikipita mtaa ule nasikia mwenzake wa duka la pili akimwambia mteja mwingine maneno yale yale.

Mwingine ni yule mwalimu wa video niliyekuwa namfuata. Video dakika kumi na mbili, anaonyesha mpaka jinsi ya kufunga utepe kwa kidole kimoja, lakini hakuna mahali anataja karatasi ni ya aina gani wala wino ni wa aina gani. Anagonga, anakata picha, picha inayofuata kadi imekauka! Kati ya hizo picha mbili kuna saa ngapi? Kuna mashine ya upepo moto? Hasemi. Watu wanaomwaga maarifa nusu kwa watu wanaotegemea mikono yao kula wanaumiza, na wengi hawajui kwamba wanaumiza.

Basi, Ijumaa usiku. Nilianza saa mbili, nikagonga mpaka karibu na saa nane. Zilitoka safi, dada, nisikudanganye. Herufi zimekaa, ua la pembeni limekaa, na muhuri mdogo wa kuonyesha kadi ni ya singo (mtu mmoja) au ya dabo (watu wawili) umekaa kwenye kona. Nikasubiri nusu saa. Nikagusa ukingo wa ua, pale wino ulipokuwa mwembamba, kidole kikatoka kisafi. Nikasema tayari. Nikaingiza viulimi kwenye mifuko yake, kila kadi nikaitia kwenye nailoni yake ya kuonyesha, nikafunga thelathini thelathini kwa rababendi, nikapanga kwenye boksi na juu yake nikaweka boksi la bahasha ili zinyooke.

Asubuhi kikao cha kamati nyumbani kwa jirani. Chai, chapati, watu kama kumi na tano. Shangazi wa bibi harusi, mtu mzima, mwenye heshima zake, akapewa kadi ya kwanza aifungue yeye. Akaitoa kwenye nailoni, na nikaisikia ile sauti, karatasi ikibanduka kwenye plastiki taratibu kama plasta kwenye kidonda. Kipande cha ua kilibaki kwenye nailoni. Yeye hakukiona, macho yalikuwa kwenye kiulimi. Akakivuta. Kikakwama kidogo, akavuta kwa nguvu, kikatoka. Mahali pa majina palikuwa na ukanda wa zambarau kuanzia mwanzo hadi mwisho, umepakwa kama mtu aliyefuta ubao kwa kitambaa kibichi. Herufi pekee iliyosomeka ilikuwa ya mwanzo ya jina la bwana harusi. Shangazi hakusema kitu. Aligeuza nailoni, ndani yake kulikuwa na neno la dabo limeandikika kinyume, limetoka kwenye kona ya kadi. Akajifuta kidole gumba kwenye khanga. Mwenyekiti wa kamati akafungua ya pili, naye akatoka na kidole cha zambarau, akauliza kama tumetoka kupiga kura. Watu wakacheka. Mama wa bibi harusi hakucheka.

Kadi 180. Zilizosalimika zilikuwa 11.

Nilirudisha 250,000 yote ndani ya mwezi huo, kwa kukopa kwenye kikoba. Vifaa vilikuwa vimeshakula kama 190,000. Kamati wakatuma kadi za picha kwa WhatsApp. Jirani tunasalimiana, lakini bado ana mabinti wawili na najua kazi zao hazitakuja kwangu.

Sasa usifikiri sikujaribu kuokoa. Nilizianika juani siku mbili. Nikapuliza spreyi ya nywele, wino ukachuruzika. Nikanyunyiza poda ya mtoto, ikawa matope ya zambarau. Nikapitisha pasi kwa juu ya karatasi, ule mng'ao ukashika kwenye pasi na kadi ikajikunja kama jani. Nilikuwa naamini wino haujakauka bado. Dada, haikuwa "bado". Ule wino usingekauka kamwe.

Fundi mmoja wa mihuri ndiye aliyenieleza, na huyu namshukuru maana hakuwa ananiuzia kitu. Wino wa muhuri wa ofisini una maji, rangi, na gliserini au kimiminika kizito cha jamii yake. Gliserini huwekwa makusudi ili pedi ya muhuri ikiachwa wazi mezani siku nzima isikauke. Maji yanachemka kwenye nyuzi joto 100, gliserini ni nyuzi joto 290, kwa hiyo jua la Dar hata uianike juu ya bati haliiondoi. Zaidi ya hapo inavuta unyevu kutoka hewani, na masika ya huku unayajua, chumvi yenyewe inalowa kwenye kopo. Wino wa namna hiyo unakauka kwa njia moja tu: karatasi iunywe. Karatasi ya fotokopi na manila nyuzi zake ziko wazi, zinakunywa. Karatasi ya kung'aa imepakwa tabaka la madini meupe laini, ikakandamizwa mpaka vitundu vikazibika, na nyingine imefunikwa plastiki kabisa. Wino unakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Pale ulipo mwembamba unaonekana mkavu, na ndipo nilipogusa mimi.

Halafu angalia wewe unataka kuongeza nini juu yake. Kiulimi! Kadi ya kawaida wino wake unakaa umetulia. Kadi ya kuvuta inajikwangua yenyewe kila mtu anapoichezea, na majina, kitu ambacho watu wote wanakisubiri, umeyaweka kwenye kipande kile kile kinachosuguana.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia mpaka unichoke: tengeneza kadi MOJA, kamili, kwa karatasi hiyo hiyo na wino huo huo, itie kwenye nailoni yake, iwekee kitabu kizito juu, ilale usiku mzima. Asubuhi itoe, vuta kiulimi mara ishirini, halafu futa majina kwa kidole kilicholowa kidogo. Futa pale wino ulipo mzito, katikati ya herufi nene, usifute ukingoni. Kidole kikitoka na rangi, hakuna kadi ya pili. Wala usijipe moyo kwamba siku mbili zaidi zitasaidia, wala usimwulize muuzaji.

Nusu saa haitoshi. Kugusa hakutoshi, futa. Kipande cha pembeni cha karatasi nacho hakitoshi, maana hakina mfuko wala nailoni. Kadi nzima, usiku mzima.

Kama umeshanunua karatasi na hutaki kuzipoteza, njia ya kwanza ni kuzitumia kama gamba tu. Majina na kila kinachogongwa kigonge kwenye kipande cha manila nyeupe, halafu ukibandike juu. Inapendeza hata zaidi, maana inakuwa na fremu. Njia ya pili ni wino wa kiyeyusho (solvent), ule unaokauka kwa kuruka hewani bila kusubiri karatasi inywe, kama wa chapa ya StazOn. Huo unashika mpaka kwenye plastiki na bati, na unakauka kwa dakika chache. Lakini una harufu kali, fungua madirisha, funika pedi kila ukipumzika, na ukishaanza kupaka rangi maua kwa kalamu za spiriti mistari yake inaweza kutoka. Na huo pia, kadi moja, usiku mzima.

Kitu kingine kinaniumiza nikikiona: watu wanaosafisha muhuri wa mpira kwa mafuta ya taa au petroli. Mpira unavimba, herufi zinanenepa, baada ya kazi mbili muhuri wako umekufa. Wino huu wa maji unatoka kwa kitambaa kibichi na sabuni kidogo. Basi.

Haya, kiulimi. Kikate kwa rula ya chuma na kisu, usitumie mkasi, maana ukingo ukiwa na mawimbi hata ya milimita moja ndipo kinapokwama. Kikiwa na upana wa sentimita 4, mfuko uwe na sentimita 4.4, yaani milimita mbili kila upande. Kabla hujakata, ikunje karatasi kidogo kwa urefu, halafu kwa upana, bila kuivunja. Mstari wa mkunjo unaokuja kirahisi ndiko nyuzi za karatasi zilikoelekea, na urefu wa kiulimi ufuate nyuzi hizo, kisipinde kikivutwa. Mwisho wa ndani kiachie mabega kama herufi T, ili mtu akivuta kwa pupa kisichomoke chote mkononi. Mikunjo ichore kwanza kwa biki iliyokwisha wino, ndipo ukunje.

Na ukuta wa mfuko usiubandike bapa! Tumia ile tepu nene ya sponji yenye gundi pande mbili, wanayobandikia nembo na vipambo vya magari, ipo kwenye maduka ya vifaa vya magari. Ina unene wa kama milimita mbili, inanyanyua ukuta, na uso uliogongwa majina unapita bila kuguswa na kitu. Mimi nilibandika bapa kwa gundi ya karatasi. Ukiniuliza leo ni nini kilizimaliza zile kadi 169 baada ya wino, ni hicho.

Kuna mtu kwenye majibu ya hapo juu amekuambia "piga tu lamineti juu ya muhuri". Usithubutu. Lamineti ni joto na mgandamizo juu ya wino uliolowa, utapata doa lililofungiwa ndani ya plastiki kwa maisha yake yote. Na aliyekwambia uongeze spiriti kwenye wino wa ofisini ukauke haraka, mwombe akuonyeshe kadi aliyoifanya hivyo, baada ya mwezi. Spiriti itaruka, gliserini itabaki pale pale.

Leo bado ni Jumanne. Una muda wa kujaribu hata mara tatu kabla ya Ijumaa. Tengeneza moja leo, usiku huu, na muhuri wa dabo kwenye kona usiusahau, maana huo ndio mlinzi wa mlangoni atakaousoma siku ya shughuli. Kesho asubuhi ukishaifuta, rudi hapa utuwekee picha. Kadi tutaiona siku nyingine, kesho nataka kuona kidole chako.