Kabla Hujaiflashi Simu ya Zamani, Toa Betri Usome Kibandiko

Ijumaa jioni shemeji alinikabidhi Samsung Galaxy S5 yake. Ilikuwa nzito, inafikiri sana kabla ya kufungua chochote, lakini ilikuwa inapiga simu. Jumamosi asubuhi haikupiga tena. Ilikuwa inawaka, inaandika Samsung, inazima, inawaka tena, hivyo hivyo kama taa ya indiketa.

Kilichoniuma ni kwamba sikubahatisha. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeiflashi S5 yangu mwenyewe, yaani kufuta mfumo wake na kuweka mwingine, kazi ileile, faili zilezile, waya uleule, na yangu ilifufuka. Kwa hiyo nikajiona fundi. Nikamwambia shemeji, "Lete, kesho unaikuta mpya."

Kosa lilikuwa herufi moja. Ukitoa betri ya simu yangu unakuta kibandiko kimeandikwa SM-G900F. Kwa shemeji kimeandikwa SM-G900H. Kwa nje ni mapacha, hata kava wanaazimana. Kwa ndani yangu ina chipu ya Snapdragon ya Qualcomm, ya kwake ina Exynos ya Samsung wenyewe. Faili nililokuwa nalo, lenye jina la klte, lilitengenezwa kwa ajili ya Snapdragon. Nilikuwa nimemkabidhi dereva wa daladala usukani wa jahazi.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: watengenezaji wa simu huitunza simu kwa miaka michache, kisha huiacha. S5 ilitoka mwaka 2014 ikiwa na Android 4.4, na toleo la mwisho lililoletwa na Samsung ni 6.0.1. Baada ya hapo ni kimya. Lakini msimbo wa Android uko wazi, kwa hiyo watu wa kujitolea huuchukua, wakaurekebisha kwa ajili ya simu fulani, wakautoa bure. Hiyo ndiyo romu. Iliyovuma zamani ni CyanogenMod, iliyoanza mwaka 2009 na kufa mwishoni mwa 2016, na waliokuwa wakiitengeneza wakaendelea kwa jina la LineageOS. Kwa romu hiyo S5 yangu iliruka kutoka Android 6 hadi 11. Simu ileile, kioo kilekile chenye ufa pembeni.

Sikufanya kwa ushamba wa kutaka vitu vipya. Tovuti zilikuwa zimeanza kunigomea. Android zote zilizo chini ya 7.1.1 haziutambui mzizi mpya (cheti mama) wa vyeti vya usalama vya shirika la Let's Encrypt, ambavyo tovuti nyingi sana duniani huvitumia, na njia ya mkato iliyokuwa ikizibeba simu za zamani ilifika mwisho Septemba 2024. Ukifungua ukurasa unaambiwa muunganisho si salama, hata kama ukurasa hauna kosa lolote. Ukiongeza programu za simu ambazo kila mwezi moja inasema "kifaa chako hakiungwi mkono", unabaki na tochi yenye kamera.

Sasa turudi kwenye kibandiko, maana ushauri wangu karibu wote umelala hapo. Usiulize "Je, S5 inakubali?" Uliza namba kamili. G900F inakubali. G900H ni kifaa kingine kabisa. G900A, iliyouzwa na AT&T kule Marekani, ina butiloda iliyofungwa. Butiloda ndiye mlinzi wa mlangoni anayeamua mfumo gani uruhusiwe kuwaka, na huyo wa G900A hapokei mgeni. Simu za mtumba zilizojaa kwetu zimetoka kila pembe ya dunia, kwa hiyo mezani pa muuzaji mmoja unaweza kukuta S5 tatu zinazofanana kama maji na maji, moja inafaa, moja ni ya kuhangaika nayo, moja usiiguse.

Halafu kibandiko chenyewe kinaweza kukudanganya. Fundi akibadilisha fremu iliyopinda, kibandiko cha simu iliyokufa kinahamia kwenye simu iliyo hai. Kwa hiyo hakikisha mara mbili. Zima simu, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, cha katikati na cha kuwashia, kisha kubali onyo kwa kitufe cha kuongeza sauti. Itakuja skrini yenye maandishi madogo juu kushoto, na mstari mmoja unasema PRODUCT NAME. Ukilingana na kibandiko, endelea. Usipolingana, weka chai jikoni kwanza, utafute kujua kwa nini.

Kwenye skrini hiyohiyo kuna mstari wa KNOX, alama ya Samsung ya kujua kama simu imechezewa. Ukisoma 0x0, simu haijawahi kuwekewa rikava (mfumo mdogo wa kuitengenezea simu) ya nje. Ukishaweka rikava isiyo ya Samsung inageuka 0x1 na hairudi tena, hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Kwa simu ya miaka kumi haina neno, waranti ilishakufa zamani. Ila usimfanyie mtu bila kumwambia.

Kazi yenyewe siyo ngumu kama watu wanavyoitisha. Kwenye kompyuta ya Windows unaweka Odin, programu ya kuingiza mfumo kwenye simu za Samsung, unaipa faili la TWRP (ndiyo rikava ya nje yenyewe) la namba ya simu yako, linaingia kwa sekunde chache. Hapa ndipo wengi huangukia. Odin ina kiboksi cha Auto Reboot. Kitoe alama kabla hujaanza. Usipofanya hivyo simu itawaka kwenye mfumo wake wa zamani, mfumo huo utaifuta rikava yako mpya na kurudisha ya kwake, na utakaa pale ukijiuliza mbona haikuingia. Ikimaliza, chomoa betri, irudishe, kisha washa kwa kitufe cha kuongeza sauti, cha katikati na cha kuwashia, moja kwa moja hadi TWRP. Raha ya simu ya betri ya kutoka ndiyo hiyo. Ikikuzingua unaichomoa moyo.

Ukiwa ndani ya TWRP, kabla ya kufuta chochote, nakili sehemu ya EFS na uihifadhi nje ya simu. Humo ndimo inamokaa IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Ikiharibika utabaki na simu nzuri isiyoshika mtandao, na waliokuwepo Tanzania Juni 2016, simu feki zilipozimwa, wanajua thamani ya namba hiyo. Kisha futa mfumo na data, weka romu, na kama unataka Play Store weka furushi la huduma za Google hapohapo, kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Ukiwasha kwanza na kuweka baadaye, utaanza upya. Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika nyingi. Usiwe na haraka, usichomoe kitu.

Simu ya shemeji haikufa, ilipotea tu. Nilichokuwa nimeharibu ni rikava na mfumo. Butiloda ilikuwa salama, ndiyo maana skrini ile ya maandishi madogo bado ilifunguka. Ikabidi nishushe mfumo wa kiwandani wa G900H, faili linalokula bando bila huruma, na bando langu likaisha njiani. Nilinunua lingine kimyakimya. Jumapili jioni simu ilirudi kwenye Android 6 yake, nzito kama mwanzo. Shemeji akaipokea, akaiwasha, akaniangalia. "Shem, mbona ni ileile?" Sikuwa na jibu la heshima.

Kuhusu pesa, hapa niwe mkweli. Programu za benki huuliza Google kama simu imechezewa, na butiloda iliyofunguliwa ni jibu la ndiyo. Nyingine hukataa kufunguka. Kuna ujanja wa kuzizunguka, unafanya kazi mwezi mmoja, mwezi unaofuata umezibwa, mimi nimeacha. M-Pesa kwa *150*00# inafanya kazi kama kawaida, maana hiyo haijali simu yako ina mfumo gani. Lakini kama maisha yako yako kwenye programu ya benki, usiiguse simu hiyo. Fanya majaribio kwenye ile iliyolala kabatini.

Vitu vingine vilivyopungua kwangu: picha hazina ubora ule wa kamera ya Samsung, na kupiga simu kupitia 4G hakupo, kwa sababu sehemu hiyo Samsung wameifunga kwa programu zao. Simu inashuka kwenye 3G au 2G ukipiga. Kwangu haina shida. Kilichobaki na kunifurahisha kuliko kilivyostahili ni kile kijicho cha rimoti juu ya simu. Bado kinazima TV, na watoto bado hawajajua ni nani anayeizima.

Na usidhani Android 11 imekufanya salama kabisa. Romu iliziba matundu mengi ya Android, lakini programu ndogo za modemu na madereva ya chipu (programu zinazoiendesha) yalitoka kiwandani na hakuna anayeyarekebisha tena. Ni afadhali kubwa kuliko Android 6, basi. Yangu iliishia LineageOS 18.1 pia kwa sababu ya mifupa yake: Android 12 inataka kerneli (kiini cha mfumo) yenye uwezo ambao kerneli ya S5, ya toleo la 3.4, haina.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la Tecno, Infinix na itel, na najua jibu langu halipendwi. Achana na wazo la kuziwekea romu. Simu hizo nyingi zina chipu za MediaTek au Unisoc, na bila msimbo wa kerneli uliowekwa wazi mtu wa kujitolea hana pa kuanzia. Orodha ya vifaa vya LineageOS nimeipitia mara nyingi, Tecno na itel sijazikuta. Mtu akikuuzia "romu ya Tecno" kwa kiungo cha WhatsApp, muulize nani kaitengeneza na nani ataitunza. Kwa simu kama hiyo, rudisha mipangilio ya kiwandani, usirudishe programu zote ulizokuwa nazo, tumia zile za Lite, na iache ipumzike.

Tableti ni hadithi fupi. Nina Nexus 7 ya 2013, ile iliyotengenezwa na Asus. Google waliifungua wenyewe, amri moja ya Fastboot, programu ya kuiamrisha butiloda kutoka kwenye kompyuta, na mlinzi anakupisha (anafuta kila kitu kwanza, kumbuka hilo). Tatizo lake ni kwamba sehemu ya mfumo ilikatwa ndogo, kwa hiyo ili kuweka romu mpya inabidi ugawe upya hifadhi yake. Hatua hiyo ikikatishwa katikati ndipo kifaa kinapoweza kufa kweli. Laptopu yangu betri ilishakufa, inaishi kwa waya, na mtaani kwetu umeme una tabia zake. Nikaazima laptopu ya jirani yenye betri nzima, nikaichaji hadi mwisho, ndipo nikaanza. Leo tableti hiyo ina Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili ndani, haina laini, haina bando, na mwanangu anasomea.

Betri: badilisha kabla ya kuilaumu romu. Ya S5 ni 2800 mAh. Ukiuziwa yenye namba kubwa mno kwa umbo lilelile, hiyo namba ni ya kibandiko tu. Na kama ya zamani imevimba, usiichaji hata mara moja zaidi.

Ukitaka kuniuliza kuhusu simu yako, usiniandikie "nina Samsung kubwa nyeusi". Toa mgongo, toa betri, piga picha kibandiko na IMEI umeifunika kwa kidole. Kama betri haitoki, nenda kwenye mipangilio, Kuhusu simu, unipe namba ya modeli kama ilivyo, na herufi ya mwisho usiisahau. Shemeji naye amenunua S5 nyingine wiki iliyopita. Nimemwambia alete betri ikiwa nje.