Kabla ya kununua laptopu, iangalie ndani

Kazi yangu ni kutengeneza laptopu hapa Lamu, na kila anayeniuliza anunue ipi humjibu kwa swali: ikiharibika, kilichoharibika kitachomoka?

Kwetu swali hili lina uzito. Hewa ina chumvi na unyevu, na madirisha hukaa wazi kutwa ili upepo uingie. Chumvi huanza na soketi ya chaja, kisha kibodi na feni. Spea nazo hushuka Mokowe, upande wa bara, kwa basi, halafu zivuke kwa boti. Soketi ikiwa imeunganishwa kwa waya wake, mteja hungojea soketi tu. Ikiwa imelehemewa kwenye bodi kuu, na fundi wa kulehemu vitu vidogo namna ile hayupo, hungojea bodi nzima, ambayo bei yake mara nyingi hukaribia ya laptopu nyingine.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo laptopu huitumia inapofanya kazi, ndiyo inayowaumiza wanafunzi. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imelehemewa: ukinunua ya GB 8, ni GB 8 mpaka itakapokufa. Ndiyo maana bado nawaelekeza watu kwa ThinkPad T480 ya mwaka 2018 iliyotumika. Ina nafasi mbili za RAM, diski inatoka, na betri ni mbili: moja ndani, nyingine unaichomoa nje bila bisibisi, tena bila kuizima mashine. Umeme wetu ukikatika, hilo ni jambo kubwa. Ila milango yake ya USB-C, ambayo ndiyo ya kuchajia, imelehemewa kwenye bodi kuu, kwa hiyo waya wa chaja usivutwe ovyo.

Ninayoitamani ije kwetu ni ile ya Framework, kampuni ya Marekani iliyoanza kuuza laptopu mwaka 2021. Milango yake ya nje ni vijisanduku vidogo unavyochomeka na kuchomoa mwenyewe: USB, HDMI ya kuunganisha skrini ya nje, upendavyo. Chumvi ikila mlango, unabadilisha kijisanduku. Hata bodi kuu hutolewa ikawekwa ya toleo jipya, na kasha, skrini na kibodi vikabaki vilevile.

Ukiwa na jamaa ng'ambo anayetaka kukuletea laptopu, mwambie atafute alama ya Ufaransa. Tangu Januari 2021, wauzaji kule hulazimika kuonyesha, kwa alama hadi 10, laptopu ni rahisi kiasi gani kutengenezeka. Bei ya spea nayo huhesabiwa humo.

Kwa iliyotumika, mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini mbele yako. Angalia kama RAM imechomekwa au imelehemewa, kama betri imeshikwa kwa skrubu au gundi, na kama viunganishi vina kutu ya kijani. Betri iliyovimba usiibonyeze wala usikubali punguzo kwa ajili yake. Na akikataa kuifungua, nenda duka jingine.