Jibu: Urafiki na Waislamu chuoni Makerere

Mdogo wangu, umeuliza kama mlokole wa mwaka wa kwanza Makerere anaweza kuwa na marafiki Waislamu bila kuyumba kiimani. Anaweza, na natamani sana ujaribu. Pale kilimani kuna kanisa la Mtakatifu Fransisko la Waanglikana, la Mtakatifu Augustino la Wakatoliki, na msikiti. Darasani mnakaa benchi moja.

Anzia jikoni hosteli. Mkichanga pesa za nyama, nunueni ya halali, na sufuria hiyo isipikiwe nguruwe hata siku moja. Mwenzako akishajua anaweza kula kwako bila wasiwasi, mengine huja yenyewe. Mwezi wa Ramadhani akikualika kufuturu, nenda. Nawe ukienda Namugongo tarehe 3 Juni, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, mweleze kinachokupeleka.

Ila usimfanye rafiki ili umwokoe. Atagundua, na ataumia. Akikuuliza kuhusu Yesu, mjibu kwa moyo wote. Nawe muulize ya kwake, umsikilize mpaka amalize.

Vikundi vya kusoma pia vinasaidia, mradi msikutane Ijumaa saa saba mchana, wala Jumamosi asubuhi kama mna Msabato.