Mbao ndefu juu ya paa la gari

Swali: Ninasafirisha mbao za mita 4 kutoka soko la Kadutu hadi Panzi juu ya keria ya gari dogo. Tukipanda mlima zinateleza nyuma, ingawa nimezikaza sana. Nifanye nini? Msomaji, Bukavu.

Jibu: Ndugu msomaji, kamba inayopita juu ya mzigo tu huukandamiza chini, lakini haiuzuii sana kwenda mbele au nyuma. Zifunge mbao ziwe furushi moja, kisha ulifunge kwenye vyuma vyote viwili vya keria, kila kamba ikilizunguka furushi lenyewe mara moja kamili kabla ya kukazwa, na ncha zote mbili za furushi, mbele na nyuma, uzifunge kwa kamba chini hadi kwenye pete za kuvutia gari. Epuka kamba ya nailoni wakati wa mvua, kwani hurefuka ikilowa. Nyuma tundika kitambaa chekundu.

Uzito ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Magari mengi madogo huruhusu kilo 50 hadi 75 tu juu ya paa, keria ikihesabiwa humo, ilhali ubao mmoja mbichi wa mkaratusi, wenye upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 2.5, unaweza kukaribia kilo 20. Tafadhali, zikiwa nyingi, zigawe na urudi kuchukua zilizobaki mara ya pili.