Jibu: Mdogo wangu kagongwa na gari Marekani, serikali nayo yadai hela yake

Dadangu wa Langoni pole sana. Umeandika mdogo wako kagongwa na gari huko Marekani, hospitali ikalipwa na Medicaid, ile bima ya matibabu ya serikali kwa watu wa kipato kidogo inayoendeshwa na kila jimbo, na sasa inshuarensi ya aliyemgonga iko tayari kutoa hela, jimbo nalo limeleta barua kwamba linataka chake. Unauliza kama ni matapeli. Si matapeli, hiyo ni sheria. Mimi niko Malindi sasa lakini nlikaa kule miaka tisa na jambo hili lilinipata mimi mwenyewe.

Ile fomu ya kujiunga na Medicaid mna mahali unakubali kwamba ukiumizwa na mtu, haki ya kumdai yule mtu gharama za matibabu inakwenda kwa jimbo. Mi nliisaini bila kusoma, nlikuwa sina kazi. Na wala mi sioni ubaya, aliyekosea ndiye alipe, manake hapa kwetu mtu akigongwa na matatu pale Gede ni ndugu na majirani wanachanga mpaka basi na mwenye gari analala usingizi.

Kasheshe ni kiasi. Mi nlivunjika paja, nkalazwa siku 11. Inshuarensi ya dereva mwisho wake ilikuwa dola 50,000, loya akazikubali. Jimbo likaja na dai la 24,000! Sasa toa na theluthi ya loya, mi ntabaki na elfu tisa na kitu na mguu ambao mpaka leo haukunjiki vizuri, wallahi nlilia.

Kilichoniokoa kwanza ni orodha. Mwambie loya aitishe orodha ya kila malipo na tarehe yake, alafu mdogo wako aisome mwenyewe, asimwachie loya, manake loya hajui mwili wa mtu. Mi nlikaa nayo usiku kucha nkakuta mna dawa za presha nlizokuwa nameza hata kabla ya ajali, mna jino nlilong'olewa, mna miwani. Jino na paja wapi na wapi? Tukaandika barua, wakavitoa, dai likashuka mpaka 21,000.

Pili, na hili ndilo kubwa, jimbo haliruhusiwi kugusa fidia yote. Mwaka 2006 korti ya juu kabisa ya kule iliamua kesi ya binti wa Arkansas, alilipwa 550,000, jimbo likataka zaidi ya 215,000, majaji wakasema hapana, chukueni kwenye fungu la matibabu tu, hela ya maumivu na ya mshahara uliopotea ni yake. Jimbo likaambulia kama 35,500. Lakini 2022 kwa kesi ya Florida korti hiyohiyo ikawaongezea, sasa wanaweza kufikia hata fungu la matibabu ya mbele, kwa hivyo loya asiyeijua hiyo kesi atamwumiza. Wangu alionyesha kwa makaratasi kwamba hasara yangu kamili ilikuwa kama 150,000, nami nimepata theluthi tu, basi na jimbo lichukue theluthi ya dai lake. Walivutana miezi mitano, wakakubali 7,000.

Loya awe wa jimbo lilelile, na mdogo wako asisaini kitu na inshuarensi kabla dai la jimbo kujulikana ni ngapi, na hela ikiingia asiitume nyumbani hata kama mama anajenga, mpaka jimbo liwe limelipwa, manake watamfuata yeye.

Angalia tena ile barua dada, imeandikwa Medicaid ama Medicare? Medicare ni ya wazee wa 65 kwenda juu na baadhi ya walemavu, hiyo ni serikali kuu na kanuni zake ni nyingine, hii hesabu ya theluthi niliyokueleza usiitegemee huko. Niandikie hapahapa, na uweke tarehe ya ajali.