Mimba na kazi ya hoteli

SWALI: Natandika vyumba hotelini hapa Malindi, nina mimba ya miezi 7. Meneja asema nikienda kujifungua nisirudi. Je, ana haki?

JIBU: Hana, dada. Sheria ya Ajira ya 2007 yakupa likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na likizo yako ya mwaka haiguswi. Mpe notisi ya maandishi angalau siku 7 kabla ya likizo kuanza. Wengi huteleza hapa: huaga kwa mdomo, kisha meneja akakana. Andika nakala mbili; yako itiwe sahihi na tarehe ya kupokelewa. Akidai cheti cha daktari, mpe. Usitie sahihi karatasi ya “kuacha kazi kwa hiari” kabla mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hajaisoma. Ukifutwa, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3.