Fundi wa Milango na Magofu ya Warumi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni seremala wa milango ya nakshi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Binti yangu anafanya kazi Napoli, nchini Italia, na amenialika nimtembelee mwezi wa Oktoba. Ameniahidi siku moja ya kuona mji wa kale wa Warumi. Kila ninayemuuliza hunitajia Pompeii, ilhali binti yangu anasema kuna mwingine jirani uitwao Herculaneum. Niende upi? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Mzee wetu, kwa kazi uifanyayo, nakushauri uende Herculaneum. Miji yote miwili iliangamia mwaka 79 B.K. mlima Vesuvius ulipolipuka, lakini haikuzikwa kwa namna moja. Pompeii ilinyeshewa mawe mepesi ya volkeno kwa saa nyingi hadi mapaa yakaporomoka, na mbao zilizobaki chini ya kifusi zikaoza zikaacha uwazi mtupu, kiasi kwamba baadhi ya milango utakayoonyeshwa huko ni umbo la plasta iliyomiminwa katika uwazi huo, wala si mti wenyewe. Herculaneum ilifunikwa na mawimbi ya gesi na majivu yenye joto kali, ambayo mahali pengine yalirundikana kufikia mita 20 hivi, kisha yakashikamana yakawa mwamba. Mbao ziligeuka makaa pasipo kuteketea, kwa kuwa hewa haikuzifikia.

Ndiyo maana huko utakuta miti halisi ya karne ya kwanza: boriti, ngazi, vitanda, hata rafu za duka. Iko nyumba iliyopewa jina kwa ajili ya kiambaza chake cha mbao chenye milango ya kukunja, kilichotenganisha ukumbi na chumba cha mwenye nyumba. Simama hapo kwa utulivu uzitazame fremu na bawaba zake, kwani wageni wengi hupita haraka, nami naona ni hasara kubwa. Jirani yake ipo nyumba ya fremu za mbao zilizojazwa mawe na chokaa, ambayo wewe uliyezoea kuta zetu za miti na udongo utaielewa kabla hujaelezwa.

Shuka pia hadi ulipokuwa ufuo wa kale. Katika vyumba vya kuwekea mashua vilipatikana mabaki ya watu wapatao 300 waliokimbilia huko, na hapo karibu, mwaka 1982, ikafukuliwa mashua ya mita 9 hivi iliyopinduka, ambayo mbao zake ziliungwa kwa ndimi zilizochomekwa katika matundu. Ulizia jengo inamohifadhiwa.

Kuhusu safari yenyewe, pandeni treni ya Circumvesuviana kutoka Napoli, mshuke kituo cha Ercolano Scavi, kisha mteremke kwa miguu kwa muda mfupi. Pompeii ina hekta 66 hivi na haimaliziki kwa siku moja, bali sehemu iliyofukuliwa ya Herculaneum ni ndogo, nusu siku inatosha. Alasiri rudini Napoli kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, ambako michoro na sanamu nyingi za miji yote miwili zilipelekwa. Makumbusho hayo hufungwa Jumanne, kwa hiyo mwambie binti yako achague siku nyingine.